Roselyne Nakhungu na Mwanga Usiotangatanga

Katika chuo chetu cha ufundi hapa Kitale, Roselyne Nakhungu anajulikana kama yule mama wa maabara asiyependa mlango wake ufunguliwe ovyo. Chumba chake kiko mwisho wa jengo la fizikia, upande ambao jua huchelewa kuufikia, na mlangoni ametundika kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: "Bisha, kisha ungoje." Wageni hukisoma na kudhani ni kiburi. Mimi hufundisha hisabati katika jengo hilohilo, na nimewahi kusimama nje ya mlango huo nikijiuliza kama mtaalamu wa maabara ana haki ya kumngojesha mhadhiri. Siku hizi nikiwa na shaka na jibu langu, huwa nabisha na kungoja.

Anachokilinda kinakaa ndani ya sanduku la mbao lenye urefu wa mkono. Ni mrija wa kioo uliojazwa gesi, ambao ukiwashwa hutoa mwale mwembamba mwekundu wa leza. Aliuokota katika stoo ya chuo, kwenye kasha la vifaa vilivyokuwa vitupwe. Wengine waliuona ni taa ya kuchezea. Roselyne aliona rula, kwa kuwa mwanga husafiri kwa mawimbi, na kila wimbi ni kama alama moja ya rula, alama ndogo mno kiasi kwamba zaidi ya elfu moja na mia tano huenea ndani ya milimita moja. Ukimulika kioo kilichofungwa juu ya kitu kinachosogea, kisha ukayahesabu mawimbi yanavyorudi, utajua kitu hicho kimesogea umbali gani, kwa usahihi ambao hakuna fundi anayeweza kuufikia kwa jicho.

Shida ni kwamba rula hiyo ikiachwa peke yake hutangatanga. Ndani ya mrija mna miale miwili iliyobanana, mmoja ukitetema wima na mwingine ukitetema kwa kulala. Kioo kikipata joto hurefuka kidogo. Mwale mmoja unapata nguvu, mwingine unafifia. Kikizidi kurefuka, inabadilishana. Roselyne aliuzungushia mrija waya mwembamba wa kuupasha joto, akaweka nyuma yake vijicho viwili vya elektroniki, kila kimoja kikiutazama mwale wake. Mwale mmoja ukiuzidi mwenzake, waya huongezewa umeme au kupunguziwa, mpaka nguvu zilingane. Zikilingana, mrija hubaki na urefu uleule, mwanga hutulia, na taa ndogo ya kijani huwaka kandoni mwa sanduku. Usawa ukipotea, taa huwa nyekundu.

"Mmeona watu wawili wakibeba sufuria kubwa ya chai kwenye harusi?" huwauliza wanafunzi. "Kila mmoja ameshika sikio lake. Mmoja akiinua zaidi, chai inamwagikia mwenzake. Huu waya wangu kazi yake ni kuwaambia tu: wewe shusha, wewe inua."

Ilimchukua muda mrefu kuifanya chai hiyo isimwagike. Asubuhi za Julai hapa kwetu baridi hupenya mpaka kwenye mifupa, na kila mlango ulipofunguliwa, pumzi ya hewa ilitosha kuivuruga miale. Ndipo kikaja kibao cha mlangoni. Ndipo pia akaja na blanketi zito la mistari ya kahawia kutoka nyumbani kwake Tuwan, akawa analifunika sanduku akishaliwasha. Wenzetu waliocheka walisema Roselyne amepata mtoto wa uzeeni. Yeye alijibu kwamba mtoto huyu angalau halii.

Baba yake, Mzee Jairus Nyongesa, ni fundi wa kukereza vyuma mjini Bungoma. Roselyne alikulia katika karakana hiyo, akikusanya mabaki membamba ya chuma yaliyojikunja sakafuni na kuyavaa kama bangili mpaka yamkate. Mzee alimpa jina la mama yake mzazi, na kwa hiyo hajawahi kumwita Roselyne. Humwita Mayi, kama mtoto anavyomwita mama. Mdogo wake Roselyne, Tonny, ndiye anayeendesha biashara sasa, lakini mashine ya kukereza ilibaki mikononi mwa Mzee.

Mwaka huu kikundi kimoja cha wakulima kilimwagiza Mzee skrubu ndefu ya chuma ya kuinulia lango la mfereji wa maji. Aliikereza, wakaipeleka, na nati ikakwama katikati. Akakereza ya pili kwa uangalifu mkubwa zaidi. Nayo ikakwama. Mzee alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho muda si mrefu kabla ya hapo, na Tonny, kwa upole wote alioweza kuupata, alimwambia kwamba labda wakati umefika wa kupumzika. Mzee alijibu kwamba mashine imechoka, siyo yeye. Tonny akasema mashine ni chuma, haichoki. Walizungumza hivyo kwa siku kadhaa mpaka hawakuzungumza tena.

Mwishowe Mzee alimpigia simu binti yake. Roselyne alinisimulia maneno yake kama yalivyokuwa: "Mayi, leta ile taa yako. Kama ni mashine, nijue. Kama ni mimi, nitavua aproni yangu mbele ya kila mtu na sitaishika tena hiyo mashine."

Aliniomba nimsaidie kwa gari langu na kwa kuchora grafu. Nilikubali haraka, ingawa njiani nilijiuliza kama nilikuwa naenda kusaidia au kutazama mzee akivuliwa kazi yake.

Karakana ya Mzee Jairus iko katika safu ya vibanda vya mabati, kati ya wachomeleaji na watengenezaji wa mageti. Tulipofika, jua la Bungoma lilikuwa limeshaanza kuyachemsha mabati. Kama ilivyo desturi ya huko, hakuna aliyeweza kuingia bila kumshika kila mtu mkono. Mafundi wa jirani walikuja mmoja baada ya mwingine. Kipkemei, mchomeleaji mwenye kifua kama pipa, aliuliza kama kweli ndani ya sanduku hilo kuna taa ya kupima wazee.

"Inapima mashine," Roselyne alisema.

"Basi ipime na ya Tonny. Ile simu yake inadanganya kila siku ati iko njiani."

Tonny alicheka kidogo tu. Mzee alivua kofia na kuomba, maombi mafupi, kwamba ukweli utoke na watu waukubali. Aproni yake ya kaki ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Chini ya mashine ya kukereza hupita skrubu kuu inayokivuta kigari chenye kisu. Skrubu hiyo ikizunguka mara moja, kigari kinapaswa kusogea milimita sita, si zaidi wala si pungufu, kutoka kwenye kichwa cha mashine mpaka mkiani. Kigari kikisogea sawasawa, mashine haina hatia, na kosa liko kwa anayeishika. Kikikosea, basi mashine ndiyo inayodanganya. Roselyne alifunga kioo juu ya kigari, akalipanga sanduku lake upande wa mkia, akaliwasha. Alingoja mpaka taa ikawa ya kijani. Kisha, kama afanyavyo kila siku, akalifunika kwa blanketi.

Tulizungusha na kusoma. Roselyne alitaja tarakimu, nami nikaziweka kwenye grafu. Mwanzoni kigari kilikwenda vizuri. Baadaye kikaonekana kimepungukiwa. Mbele kidogo kikapungukiwa zaidi. Hata kabla hatujafika mkiani, watu waliokuwa wakichungulia mabegani mwangu walikuwa wameshaelewa.

"Ni mashine," alisema Kipkemei.

"Si nilisema?" Mzee alimgeukia Tonny. "Si nilisema hii kitu imezeeka kuniliko?"

Tonny alikuna kichwa. "Sawa Papa. Nimekubali. Pole."

Mama Nabwile, auzaye chai mkabala na karakana, alipiga kigelegele kimoja kifupi. Mzee alishikwa mikono upya na majirani walewale waliokuwa wamemsalimu asubuhi. Nilimtazama, na nilifurahi kwa ajili yake kama ningemfurahia baba yangu.

Roselyne hakuwa amemshika mtu mkono. "Turudie mara moja tu, Mwalimu," aliniambia. "Ni ya kujihakikishia."

Tukarudia. Makosa yakatokea tena, lakini si mahali palepale. Pale kigari kilipopungukiwa mara ya kwanza, sasa kilikwenda sawa. Pale kilipokwenda sawa, sasa kilipungukiwa. Nilizichora grafu mbili juu ya karatasi moja, zikawa kama mistari ya watu wawili wasiojuana.

"Tukichukua wastani," nilimwambia kwa sauti ya chini, "bado inaonekana mashine ina kosa."

Sijui kama nilisema hivyo kwa kuwa ndivyo hisabati ilivyoniambia, au kwa kuwa nilikuwa nimeuona uso wa Mzee.

"Mwalimu, chuma kilicholika hakihami," alisema Roselyne. "Kama skrubu imelika hapa, itabaki imelika hapa mara ya pili na ya tatu. Hiki kinachohama si chuma."

Akaenda kwenye sanduku na kuinua blanketi. Taa ilikuwa nyekundu. Aliweka kiganja juu ya mbao, akaniita niweke changu. Sanduku lilikuwa na joto kama kuku aliyelalia mayai.

Alisimama pale kwa muda, mkono kiunoni. Hakuonekana kuaibika; alionekana kama mtu anayesoma. Kisha alinieleza, na nilipoelewa nilitamani nisingeelewa. Waya wake unaweza kuongeza joto tu. Hauwezi kupoza. Kitale alikuwa amezoea kuuweka usawa wa miale katika joto la chini, kwa sababu kule chumba ni baridi na kazi yote ni kupasha. Hapa mabati yalikuwa yanachoma kutoka juu, na juu ya hayo yeye mwenyewe alikuwa amelifunika sanduku kwa blanketi la baridi ya Kitale. Joto lilipita kiwango alichokiweka, waya ukazimika, mrija ukaendelea kurefuka peke yake, na miale ikaanza kubadilishana nguvu bila wa kuituliza. Mwale aliokuwa akipimia ulipofifia, kihesabio cha mawimbi kiliruka mengine. Kila wimbi lililorukwa likaonekana kama kosa la mashine.

"Kwa hivyo hatujui," nilisema.

"Hatujui chochote."

Akageuka akawaambia watu wote, kwa sauti ileile anayotumia darasani. Alisema vipimo vyote viwili havifai, kosa ni la chombo chake, na itabidi kuanza upya.

Tonny ndiye aliyezungumza kwanza. "Kwa hivyo mashine ya kupima mashine nayo inataka daktari."

Watu walicheka, na Roselyne naye alicheka.

"Lakini Madam," Kipkemei alisema, "si uache tu ile ya kwanza? Ilikuwa poa."

"Ilikuwa poa kwa sababu tulitaka iwe poa. Hata mimi nilitaka."

Mzee Jairus hakuwa amecheka. Alikuwa amekaa juu ya kipande cha chuma, mikono juu ya magoti, akimtazama binti yake. Aliposema, alisema polepole.

"Na hiyo nyingine ikisema ni mimi?"

"Nitakuambia ni wewe, Papa."

"Mbele ya hawa?"

"Uliita hawa mwenyewe."

Mzee alitikisa kichwa, na kitu fulani mdomoni mwake kilikaribia kuwa tabasamu. "Sawa, Mayi. Endelea."

Nimefundisha watu wazima kwa miaka mingi, na nimeona wasomi wengi wakilinda jibu walilolipenda. Sina hakika mimi ningeinua blanketi lile wakati baba yangu ameshapongezwa. Roselyne alilikunja na kulitupa nyuma ya gari.

Kisha aliuacha mrija upate joto zaidi, kwa makusudi, kupita kabisa joto la kibanda, ili hata jua likizidi waya uwe bado na kazi ya kufanya. Alipoona umefika alipotaka, ndipo akaviruhusu vile vijicho viwili kutafuta usawa. Aliwaomba watu wasogee nje, kwa kuwa miili nayo hupasha hewa, na Kipkemei akazima mashine yake ya kusaga chuma ili sakafu isitetemeke. Alisoma kipimajoto na kipimo cha mgandamizo wa hewa, kwani Bungoma iko chini kuliko Kitale, hewa yake ni nzito kidogo, na mawimbi ya mwanga hufupika ndani yake. Tofauti hiyo ni ndogo sana kwa kazi ya kukereza. Aliiingiza hata hivyo.

Watu wakanywa chai ya Mama Nabwile barazani, wakiongea kwa kunong'ona kana kwamba ndani kuna mgonjwa. Taa ikawa ya kijani. Safari hii hapakuwa na kitu cha kuificha.

Tulipima. Karibu na kichwa cha mashine kigari kilipungukiwa kidogo, kikabaki kimepungukiwa kiasi kilekile kwa kitambo, kisha mahali fulani kikajirudishia upungufu wote kwa mkupuo, na kutoka hapo mpaka mkiani kikaenda sawasawa kabisa. Tukarudia, na mstari wa pili ukalala juu ya ule wa kwanza. Tukarudia tena, na wa tatu ukalala juu ya wa pili, mpaka kalamu yangu ikaanza kuitoboa karatasi.

Mzee aliitwa akaja. Aliitazama grafu kwa muda mrefu, akiwa ameiinamia na miwani yake mipya. Akaweka kidole pale mstari ulipopanda.

"Hapa ni wapi kwenye mashine?"

Roselyne alimwonyesha. Mzee akaangalia kutoka hapo mpaka kwenye kichwa cha mashine, sehemu fupi, na nikamwona akielewa kabla hajasema. Maisha yake yote alikuwa amekereza vitu vifupi: pini za plau, puli za mashine za kusaga unga, vyuma vya mikokoteni. Kazi hizo zote zilifanyika hapo hapo karibu na kichwa. Kazi ndefu zilikuwa nadra. Skrubu kuu ilikuwa imelika pale alipofanyia kazi, na mbele ya hapo ilikuwa karibu mpya.

"Tonny," alisema, "leta zile skrubu mbili."

Zililetwa kutoka kwenye rundo la vyuma chakavu, zikiwa na nati zao. Mzee alizilaza sambamba juu ya meza, akazungusha nati ya kwanza mpaka ikakwama, kisha ya pili. Zilikwama mahali pamoja, moja kando ya nyingine, kama ng'ombe wawili kwenye nira. Roselyne alipima kwa mita kutoka mwisho wa skrubu. Ni pale pale mstari wa grafu ulipopanda.

"Kwa hivyo si macho yake," Tonny alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

"Macho sijapima," Roselyne akajibu. "Nimepima mashine. Mashine ina kosa, na kosa lake linatosha kukwamisha nati. Kama mikono pia ina kosa, hii taa haijui."

Nilitamani angenyamaza hapo. Kipkemei, ambaye alikuwa ameshanyosha mkono wa pongezi, aliurudisha mfukoni. Lakini Mzee Jairus alikuwa anatazama mashine yake, siyo watu.

"Basi tupime mikono," alisema.

Asubuhi iliyofuata alikata kipande kirefu cha chuma cha kurefushia, akakifunga kwenye kichwa cha mashine, ili kazi isogee mbele na kigari kitembee tu pale ambapo skrubu kuu ilikuwa nzima. Tonny alitaka kumshikia, alikataliwa. Mzee alianza kukereza skrubu ya tatu. Kisu kilikwenda na kurudi, kila mara kikichimba kidogo zaidi, na kila mara Mzee aliinama, akapitisha kucha yake juu ya meno ya chuma, akarudisha kisu. Alifanya hivyo mpaka alasiri. Roselyne alikaa kwenye benchi la Mama Nabwile akiwa ameigeuzia karakana mgongo. Nilimuuliza kwa nini hatazami.

"Nikitazama nitamsaidia," alisema.

Mashine ilipozimwa, Mzee aliifuta skrubu kwa kitambaa, akaipaka grisi, akaishika kwa mkono mmoja huku upande wa pili ameulaza begani mwa Tonny. Alitia nati. Aliizungusha kwa kiganja, kisha kwa vidole viwili, na ilipofika mahali zile mbili zilipokwama hakupunguza mwendo. Kutoka hapo aliisukuma kwa kidole kimoja. Nati ilizunguka taratibu kuelekea begani mwa mwanawe, bila kelele, mpaka ikafika mwisho.

"Usisimame tu," Mzee alimwambia Tonny. "Ishike, isije ikaanguka kwenye mchanga. Kisha piga simu, uwaambie watu wa maji waje na gari."